'Bonyeza mara mbili': Kosa dogo la fomu lililomfanya mama wa mitumba aonekane mlaghai

Ilikuwa Jumamosi alasiri, siku ya mkutano wa chama. Mimi si mwanachama. Nilikuwa nimeitwa kama "yule kijana wa kompyuta". Mezani kulikuwa na daftari la mhazini, chupa ya chai na kipakatalishi changu. Kando ya meza, akiwa ameinamisha kichwa, aliketi mama mmoja anayeuza nguo za mitumba Gikomba.

Kosa lake? Kuomba mkopo mara mbili.

Rekodi zilisema hivyo. Ombi la kwanza: Sh15,000. Ombi la pili: Sh15,000, jina lile lile, nambari ya simu ile ile, sekunde mbili baadaye. Sheria ya chama ni mkopo mmoja kwa mwanachama. Kamati ilikuwa imesimamisha maombi yote mawili, na mzigo wa nguo aliokuwa ameahidi kulipia wiki hiyo ulikuwa umechukuliwa na mwenzake. Kibaya zaidi, minong'ono ilikuwa imeanza kuwa anataka kula pande mbili.

"Mimi sijui mambo ya kuomba mara mbili," alisema. "Nilienda saiba, yule kijana akanijazia, nikaenda zangu."

Alikuwa anasema ukweli. Fomu ile niliiunda mimi, na nilipoifungua usiku uliotangulia nilijua kosa ni langu.

Turudi nyuma kidogo. Miezi kadhaa kabla ya mkutano huo, mhazini alinipigia simu. "Kijana wangu, hiki kitufe chako kina kiburi. Hakisikii mpaka ukibonyeze mara mbili." Nilikuwa kwa matatu, kelele tupu, na kazi ya mteja mwingine ilikuwa inanisubiri. Nikamjibu haraka haraka, "Hiyo ni mtandao tu, mama. Mwambie kijana wa saiba abonyeze mara mbili, itaenda."

Jibu hilo ndilo lililompeleka mama wa watu mbele ya kamati.

Ikiwa wewe ni kijana unayejifunza kuunda tovuti, au tayari unahasol na vikazi vya fomu za makanisa, vyama na maduka, soma hiki kisa hadi mwisho. Na ikiwa wewe ni mtumiaji tu ambaye amewahi kubishana na kitufe cha "Tuma" usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi, huenda leo ukajua kuwa hukuwa na kasoro yoyote.

Fomu haikuoni

Tunapojaza fomu, tunadhani kuna kitu kinatutazama na kuelewa tunachofanya. Hakuna. Kivinjari chako, iwe ni Chrome, Firefox au Safari, hupeleka kwa msimbo taarifa fupi fupi zinazoitwa matukio. Amebonyeza herufi. Amegusa kitufe. Ametoka kwenye kisanduku. Taarifa hizo hufika moja baada ya nyingine, kwa foleni, na msimbo hujibu kila moja kabla haujajua inayofuata.

Chukua kitendo cha kubofya. Wewe unahisi ni kitu kimoja: tap, umemaliza. Kwa kivinjari ni vitendo viwili, kidole kushuka kwenye kipanya, kisha kidole kuinuka, na katikati yake kuna shughuli tele.

Tuseme umemaliza kuandika nambari ya simu, ukapeleka kipanya kwenye kitufe cha "Tuma" na kukibofya. Kwenye Chrome ya tarakilishi, mambo makuu hufuatana hivi:

1. 'mousedown': kidole kimeshuka juu ya kitufe.
2. 'change': kisanduku cha simu kinatangaza kuwa maandishi yake yamebadilika.
3. 'blur': kisanduku cha simu kimeachwa, kishale kimetoka.
4. 'focus': sasa kitufe ndicho kilichochaguliwa.
5. 'mouseup': kidole kimeinuka.
6. 'click': kivinjari kinakubali kuwa kitufe kimebofywa.
7. 'submit': fomu inataka kutumwa.

Yote hayo hutokea katika sehemu ndogo ya sekunde. Sasa linganisha nambari 3 na nambari 6. Kisanduku hutangaza kuwa kimeachwa kabla kitufe hakijahesabiwa kuwa kimebofywa. Msimbo wowote uliouweka kwenye 'blur' utafanya kazi yake wakati kidole cha mtumiaji bado kiko chini, kabla hakijainuka.

Mimi sikulijua hilo. Nilidhani mtu hutoka kwenye kisanduku, anapumzika, halafu baadaye anabofya.

Kitufe kilihama chini ya kidole

Fomu ya chama ilikuwa na visanduku vinne: jina, nambari ya uanachama, kiasi, na nambari ya simu. Chini ya simu kulikuwa na kitufe cha "Tuma". Nilikuwa nimeweka uhakiki kwenye 'blur'. Ukitoka kwenye kisanduku cha simu bila tarakimu 10, maandishi mekundu yalitokea chini yake: "Nambari si sahihi." Ukirekebisha na kutoka tena, maandishi yalitoweka. Nilijiona fundi kabisa.

Tazama basi kilichotokea kule saiba. Kijana anaandika nambari, anasahau tarakimu moja. Maandishi mekundu yanatokea na kusukuma kitufe chini kwa mstari mmoja. Anarudi, anaongeza tarakimu iliyokosekana. Nambari sasa ni sawa kabisa. Anapeleka kipanya kwenye "Tuma" na kubonyeza.

Kidole kinashuka: 'mousedown', juu ya kitufe. Kisanduku kinaachwa: 'blur'. Msimbo wangu unakagua, unaona nambari ni sahihi, unafuta maandishi mekundu. Mstari ukiondoka, kila kilicho chini yake kinapanda, kitufe kikiwemo. Kidole kinainuka: 'mouseup', lakini kipanya sasa kiko juu ya sehemu tupu ya ukurasa.

Ili kitufe kihesabiwe kuwa kimebofywa, kidole kinapaswa kushuka na kuinuka juu ya kitufe hicho hicho. Hapa kilishuka kwenye kitufe na kuinuka penginepo. Kitufe hakipati 'click', na bila 'click' hakuna 'submit'. Fomu inakaa kimya, hakuna ujumbe, hakuna kosa linaloonekana.

Ona jinsi jambo lenyewe lilivyo la ajabu. Aliyezuiwa ni mtu aliyekwisha kurekebisha kosa lake. Alifanya alichoambiwa, na fomu ikampuuza kwa sababu alifanya alichoambiwa.

Akibofya mara ya pili, mambo yanaenda, maana maandishi mekundu hayapo tena na kitufe kimetulia. Ndiyo maana ushauri wangu wa "bonyeza mara mbili" ulionekana kufanya kazi, na ndiyo maana ulikuwa hatari.

Vijana wa saiba wakazoea. Wakawa wanabonyeza mara mbili kwa kila mteja, hata aliyejaza vizuri tangu mwanzo. Kwa huyo aliyejaza vizuri, hakuna maandishi mekundu yaliyotokea, kitufe hakikuhama, na mibofyo yote miwili ilisikika. Fomu yangu ilikuwa inatuma data kimyakimya bila kubadilisha ukurasa, na wakati seva ikisubiriwa kitufe kilibaki wazi. Ombi la kwanza likaenda. La pili likafuata.

Mama wa mitumba alikuwa miongoni mwa waliojaza bila kosa hata moja.

Mitego mingine njiani

Baada ya aibu hiyo nilikaa chini na kusoma vizuri jinsi matukio yanavyofuatana. Kumbe kitufe kinachohama ni mtego mmoja tu.

*Mtu wa kubonyeza Enter.* Si kila mtu hutumia kipanya. Mwingine anamaliza kuandika na kubonyeza Enter akiwa bado ndani ya kisanduku. Hapo kivinjari hujibofyea chenyewe kitufe cha kutuma, na 'submit' hufuata. Lakini kishale hakijatoka, kwa hivyo 'blur' haijatokea. Kama uhakiki wako wote uko kwenye 'blur', nambari mbovu itapita kama matatu usiku wa manane.

*Mtu wa kubandika.* Wengi hunakili nambari kutoka WhatsApp na kuibandika. Ukitegemea 'keyup', yaani kuinuka kwa kitufe cha kibodi, anayebandika kwa kipanya hatakuonyesha chochote. Kibodi nyingi za simu za Android nazo hazisemi ni herufi gani imebonyezwa. Mara nyingi hutoa nambari moja tu, 229, kwa kila kitu. Tukio la kusikiliza ni 'input', linalotokea maandishi yanapobadilika, yawe yameandikwa au yamebandikwa.

*Mtu wa +254.* Nambari zetu za simu huanza na 07 au 01 na huwa na tarakimu 10. Lakini simu nyingi huzihifadhi kwa +254, jumla ya alama 13. Ukiwa umeweka kikomo cha alama 10 kwenye kisanduku, anayebandika atapoteza tarakimu tatu za mwisho bila kuambiwa, halafu unamlaumu kwa nambari fupi. Acha aandike anavyojua, na nafasi katikati ukitaka, kisha msimbo wako ndio usafishe.

*Kivinjari kinachokutangulia.* HTML yenyewe ina uhakiki wake. Ukiandika 'required' au 'pattern' kwenye kisanduku, kivinjari hukagua mtu anapobofya "Tuma". Kikikuta kosa, hutoa tukio la 'invalid' kwa kila kisanduku kibovu, na 'submit' haitokei kabisa. Wengi huandika ujumbe wao mzuri ndani ya 'submit', halafu wanashangaa kwa nini hauonekani. Ukitaka kushughulikia makosa mwenyewe, weka 'novalidate' kwenye fomu. Na jihadhari na kuita form.submit() ndani ya msimbo, kwani njia hiyo huruka uhakiki wa kivinjari na pia tukio la 'submit'. Inayopitia mlango wa kawaida ni requestSubmit().

*Safari kwenye Mac.* Huko, kubofya kitufe hakukifanyi kiwe kilichochaguliwa. Msimbo unaouliza "mtumiaji ametoka hapa akaenda wapi?" ili kujua kama amebofya "Ghairi" utajibiwa kuwa hakwenda popote. Kama hujawahi kujaribu fomu yako humo, hutajua mpaka mteja akulilie.

Mambo haya hayakuanza jana

JavaScript ilizaliwa mwaka wa 1995 katika kampuni ya Netscape nchini Marekani. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku 10 mwezi Mei mwaka huo. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa hii hii ya kukagua fomu kabla hazijasafiri hadi kwenye seva. Enzi hizo watu waliunganishwa kwa laini za simu, na kusubiri seva ikuambie umesahau jina lako ilikuwa noma.

Halafu vivinjari vikatofautiana. Netscape ilipeleka tukio kutoka juu ya ukurasa likishuka hadi kwenye kitufe. Internet Explorer ya Microsoft ilianzia kwenye kitufe na kupanda juu. Mnamo Novemba 2000, shirika la W3C lilitoa kanuni iliyounganisha pande zote mbili: tukio hushuka kwanza, likafika kwa mwenyewe, kisha likapanda.

Lakini si kila tukio hupanda. 'Blur' halipandi. Ukiweka msikilizaji mmoja wa kawaida kwenye fomu nzima akisubiri 'blur' za visanduku vyote, atakaa hapo kama anayesubiri basi barabara ikiwa imefungwa. Ndugu yake, 'focusout', hutangaza jambo lile lile na hupanda. Huyo ndiye wa kutumia ukitaka msikilizaji mmoja.

Nilivyorekebisha

Kazi yenyewe ilinichukua jioni moja. Nilifanya mambo matano.

Kwanza, niliitengea nafasi sehemu ya ujumbe wa kosa. Chini ya kila kisanduku kuna mstari mtupu ambao upo muda wote, kuwe na kosa au kusiwe. Ujumbe ukija au ukiondoka, hakuna kinachosogea. Hili peke yake lilimaliza kiburi cha kitufe.

Pili, nilibadilisha wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Kosa jipya linatajwa mtu anapotoka kwenye kisanduku, si akiwa katikati ya kuandika. Hakuna haja ya kumfokea mtu "Nambari si sahihi" akiwa ameandika sifuri tu. Lakini kosa likishatajwa, ninasikiliza 'input', na pindi anapolirekebisha maandishi mekundu yanaondoka papo hapo, kabla hajafika kwenye kitufe.

Tatu, uamuzi wa mwisho niliuweka kwenye 'submit'. Uje kwa kipanya, kwa kidole au kwa Enter, mlango ni huo mmoja. Hapo visanduku vyote hukaguliwa upya, na kishale hupelekwa kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa.

Nne, fomu ikishaanza kutuma, msimbo unakumbuka kuwa unatuma. Mbofyo wa pili unapuuzwa na kitufe kinaandika "Inatumwa..." ili mtu ajue amesikika. Ukimya ndio unaofanya watu wabonyeze tena na tena.

Tano, kila fomu inayofunguliwa hupewa nambari yake ya kipekee. Maombi mawili yakifika kwenye seva na nambari moja, la pili halihesabiwi. Seva pia hukagua kila kitu tena, kwa sababu uhakiki wa kwenye kivinjari ni msaada kwa mtumiaji tu. Mtu mjanja anaweza kuuzima.

Kuna njia ya mkato ambayo baadhi ya wasee hupenda: kufanya kitufe kitume kwenye 'mousedown', kabla 'blur' haijaingilia. Usiifuate. Anayetumia kibodi hana 'mousedown', na aliyebonyeza kimakosa hawezi tena kuteleza nje ya kitufe na kuokoa hali.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kozi ya pesa nyingi kuyaona haya. Tengeneza ukurasa mdogo wenye kisanduku kimoja na kitufe kimoja. Sikiliza yale matukio saba niliyotaja, na kila likitokea liandike kwa console.log. Kisha bofya kitufe ukiwa umeandika kitu. Rudia bila kuandika kitu, na utaona 'change' haipo. Rudia kwa Enter. Rudia kwa kubandika. Bonyeza kitufe, shikilia kidole chini kwa sekunde tatu bila kukiinua, utazame ni matukio gani yamekwisha kutokea. Hapo ndipo mimi nilipoelewa.

Kisha mpe mtu mwingine aijaribu, kwenye simu yake ya bei nafuu, na bando lake linaloisha. Usimwelekeze. Kaa kando unyamaze. Akibonyeza mara mbili, usicheke. Muulize kwa nini.

Kwenye ule mkutano, niliwaonyesha wanachama hicho hicho kwa projekta ya kuazima. Nilijaza fomu ya zamani, nikakosea, nikarekebisha, nikabonyeza kitufe na kushikilia. Wote wakaona kitufe kikiruka juu. Kisha nikajaza bila kosa, nikabonyeza mara mbili kama nilivyowafundisha mwenyewe, na maombi mawili yakatokea kwenye orodha yakiwa na jina langu.

"Huyu mama aliomba mara moja," nikasema. "Mara ya pili ni mimi niliyeomba. Naomba msamaha kwake."

Mwenyekiti alimtazama mama, akatazama kamati, akasema mkopo utolewe Jumatatu asubuhi. Mzigo wa nguo ulikuwa umekwenda, hilo halikurudi. Mama alinipa mkono bila kusema mengi.

Nilipokuwa nakunja nyaya, mhazini alinifuata na daftari lake mkononi, tayari kuandika.

"Sasa kijana wangu, tubonyeze mara ngapi?"

"Mara moja, mama," nikamwambia. "Na ikikataa, nipigie."